Sindano ya Mahujaji

Eda ilikuwa imefika siku ya hamsini na mbili, na Bi Mwanamkasi hakuwa amevuka kizingiti tangu mumewe azikwe. Waliovuka ni watu. Walikuja na pole, na mwezi huu walikuja na mafua. Wakimkumbatia, alizuia pumzi. Mwaka jana mafua kama hayo yalimshukia kifuani. Kwa pumu yake na miaka sabini na moja, alilazwa siku tisa akipumua kwa mtungi wa oksijeni.

"Ami, nampeleka mama Dar akachanjwe," alisema Wahida, bintiye, pale mlangoni. "Chanjo ya mafua. Nimeshaulizia, ipo."

Shemeji Mbaruku, aliyeilinda eda ya marehemu kaka yake kuliko mjane mwenyewe, hakuinuka barazani. "Hiyo sindano ya mahujaji. Nilichomwa mwaka ule nakwenda Makka. Mama yako anakwenda Makka?"

"Ni ya wazee, na wenye pumu, na wenye sukari kama wewe. Hata mimi na tumbo hili. Tena ni kila mwaka. Ile yako imeshakwisha nguvu."

"Mjane hatoki."

"Kwa matibabu anatoka."

"Akiugua nitamtoa mwenyewe. Sasa anaumwa nini?"

Ndani, Bi Mwanamkasi aliyasikia yote. Akiwa mzima, hana ruhusa; akishaugua, amechelewa. Chumba kilimbana. Mara akamsikia Mgeni, wifi yake wa Zinga, akipiga hodi huku akikohoa.

Akasukuma komeo.

"Wifi, fungua, nimekuja kukupa pole!"

"Pole nimeipokea. Kikohozi rudi nacho Zinga."

"Shemeji!" Mbaruku alikuja juu. "Unatutia aibu!"

"Si umesema sitoki? Basi na wewe huingii. Kamuulize sheikh kwanza."

Alikaa nyuma ya mlango, akiogopa jibu. Baada ya swala ya alasiri sauti ya Mbaruku ilirudi, imepoa.

"Anasema utoke. Anasema ungetoka zamani. Kaniuliza na mimi, na sukari yangu, nangoja nini."

"Basi tunakwenda watatu," alisema Wahida.

Kesho yake, huko Dar, muuguzi alimbandika pamba begani. "Bibi, nguvu yake inakuja baada ya wiki mbili. Hadi hapo jihadhari."

Kabla ya magharibi Bi Mwanamkasi alikuwa amesharudi chumbani kwake. Akavua viatu, akatia komeo. Wiki mbili. Na huko nje hodi ilikuwa imeshaanza, kikohozi nyuma yake.