Thibitisha na Saa ya Mkewe

Kazini walimwita Thibitisha, na jina lilimkaa barabara. Ukimwambia mwakani akili bandia itaandika programu zote, atakuuliza nani atazirekebisha zikigoma. Ukimwambia wataalamu wamegundua kahawa inarefusha maisha, atataka kujua walipimwa watu wangapi, na nani aliyelipia utafiti. Na huko kuhifadhi kila kitu kwenye wingu? "Hilo wingu lina mwenyewe," angesema, "na mwenyewe akinuna, mtalowa wote."

Kwa hiyo kampuni ilipowagawia wafanyakazi saa za kupima mapigo ya moyo ili wazijaribu, alicheka mpaka akakohoa, kisha akampelekea mkewe. "Chukua, mama watoto. Angalau utajua ni saa ngapi."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa pale sebuleni, dirishani. Wiki haikuisha, saa ikaanza kulia: moyo unapiga bila mpangilio, muone daktari. Kesho yake ikalia tena, na keshokutwa vilevile.

Ungedhani hapo Thibitisha angeyamwaga maswali yake. Thubutu! Mtu mzima alinywea. Alimkataza mkewe kubeba ndoo, akamkataza kuinama, akaingia jikoni mwenyewe na kupika kitu ambacho hata watoto, walafi wale, walikisogeza pembeni. Ubishi ni rahisi wakati anayeumwa si wako. Aliogopa kumpoteza, basi.

Hospitalini mkewe aliitwa ndani, akamwachia mkoba na ile saa. Thibitisha alibaki kwenye benchi la korido, hana pa kuiweka mikono. Akatoa simu, akafungua kumbukumbu za saa. Maonyo yalianza asubuhi watoto wakishaenda shule, yakakoma wakati wa chakula, yakarudi mchana. Usiku, kimya. Jumapili, kimya kutwa nzima.

Jumapili mkewe hashoni.

Alisimama wima. Cherehani! Mota inatikisa meza, meza inatikisa mkono, na saa, kwa ujuha wake, inahesabu mtikisiko wa mashine ikidhani ni moyo. Ilibaki kidogo apige kelele pale koridoni.

Kisha akaketi tena, polepole. Angeletewa maelezo matamu namna hiyo na mwenzake wa ofisini, angemuuliza: unayaamini kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa unayataka? Na yeye aliyataka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Tena saa kukosea si ushahidi kwamba moyo ni mzima. Akaukumbatia mkoba, akasubiri.

Mlango ukafunguliwa. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akamwita. "Karibu, baba. Moyo wa mkeo ni mzima kabisa. Hiyo saa imewatisha bure."

"Mmepima mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili aliitaka mwenyewe. Alisema bila hiyo hamtalala."

Thibitisha akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Alilia mbele ya daktari, wala hakujali.

"Sasa unalia nini?" mkewe akamuuliza. "Si nimeambiwa mzima?"

"Ndicho ninacholilia."

Walipokuwa wakishuka ngazi akamweleza habari ya cherehani, kwa kirefu, na mota na meza na Jumapili. Mkewe akasimama.

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa ndani."

"Na ukakaa tu hapo nje ukiteseka, baba watoto? Si ungejipa moyo kidogo?"

"Niliogopa kujidanganya. Kwa jambo lingine ningethubutu. Si kwako."

Mkewe akamnyooshea mkono. "Haya, pima mwenyewe."

Akamshika kifundo cha mkono, wakavuka barabara hivyo, wakapita maduka, wakafika kituoni. Mapigo aliyasikia vizuri chini ya vidole vyake, na njia nzima hakuyahesabu.