Kadi Isiyosogea

Mratibu wa kazi alikuwa na chumba, meza, kompyuta na simu. Mtu hakuwa naye. Wenzake wa kampuni walifanya kazi kila mmoja kwao, na sauti pekee aliyokuwa na hakika ya kuisikia kila siku ilikuwa ya fundi mkongwe wa programu, ambaye wote walimwita Babu.

Babu alipomaliza kazi aliipeleka kwenye ghala la programu, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za mafundi wote, kisha akampigia mratibu. "Mjukuu wangu, nimeshapeleka. Nisogezee kadi." Mjukuu mwenyewe alikuwa na umri wa kutosha kuwa na mkwe, lakini aliitika. Alifungua bodi ya kazi kwenye kompyuta, ambako kila kazi ilikuwa na kadi yake yenye namba, akaisogeza kadi hadi "Tayari", jambo la kufumba na kufumbua. Baada ya hapo ndipo maongezi yalipoanza: magoti ya Babu, mvua, paka wa jirani asiyejua mpaka. Tangu mama yake afariki, hakuna mwingine aliyemuuliza kama amekula.

Bosi naye akaja na lake. "Unganisha ghala na bodi. Watu waache kusumbuana kwa simu."

Kazi ni kazi, hata ya kukata tawi ulilokalia. Aliliandikia ghala anwani ya bodi, ili kila kazi ikiingia, ghala lenyewe lipige hodi kule na kadi isogee. Hodi hiyo mafundi huiita webhook. Sharti lilikuwa moja: fundi aandike namba ya kadi kwenye ujumbe mfupi unaoambatana na kazi yake. Pasipo namba, hodi itapigwa na kadi itabaki pale pale. Alipojaribu, kadi ikajiendea bila mkono wa mtu. Bosi akampongeza. Yeye aliumia, wala hakujua amlalamikie nani.

Kesho yake kadi zilisogea asubuhi nzima na simu ikanyamaza. Alijisemesha, akajijibu, akaona haya. Alitaka kumpigia Babu, lakini angemwambia nini? Hawakuwa ndugu, wala hawakuwahi kutembeleana. Walichokuwa nacho ni kadi tu, na hiyo ameshaiondoa kwa mikono yake.

Alasiri kazi ya Babu ikaingia ghalani. Ujumbe wake ulikuwa safi, ila namba haikuwemo. Na huyu ndiye Babu anayewagombeza vijana kwa nukta moja iliyopotea! Mratibu angeweza kuisogeza kadi mwenyewe yakaisha. Aliiweka mikono mapajani, akangoja.

Simu ikalia.

"Mjukuu wangu, nimesahau namba. Uzee huu."

"Uzee gani, Babu? Jana si wewe uliyewakumbusha wenzako wote waandike namba?"

"Huku kwangu pamepooza sana," Babu akasema.

"Na huku pia."

"Basi nisogezee hiyo kadi."

"Subiri, bado naitafuta," akamjibu, na kadi ilikuwa wazi mbele ya macho yake.