Cheche za Baada ya Alasiri

Jumanne moja ya Agosti 1986, baada ya sala ya alasiri, Koultoumi alikuwa uani kwake Mutsamudu akichambua mchele, na cheche ya kwanza ikaanguka ndani ya ungo. Aliitoa kwa ukucha, akaizima kwa kidole alichokilowesha mate, akaendelea kuchambua. Ya pili ilitua juu ya bati. Ya tatu iliingia kwenye mfereji wa paa, uliokuwa umejaa majani makavu ya mshelisheli wa jirani, na hapo moshi ukaanza. Alipanda ngazi na ndoo ya maji, akauzima.

Hapakuwa na moto mahali popote mjini. Hata Patsy, wanakokeneka mafuta ya maua ya ilangilangi, walikuwa hawajawasha tanuri wiki nzima kwa kukosa kuni. Cheche zilikuja kutoka baharini, upande wa kisiwa cha Ngazidja, zikapita juu ya nyumba za watu wote bila kuigusa hata moja, zikashuka kwa Koultoumi. Kesho yake zilikuja tena saa ile ile, na kesho kutwa pia. Moinaecha, jirani mwenye mshelisheli, ambaye hakosi neno, alisema afadhali zinakuja kwa saa inayojulikana kuliko kuja ovyo.

Wiki ya pili alifika Assoumani wa ofisi ya kuzuia moto, na karatasi yake iliyopigwa chapa. Hakuuliza cheche zinatoka wapi. Hilo, alisema, halimo katika kazi yake, kazi yake ni paa. Na mambo ya paa aliyajua, lazima asifiwe kwa hilo. Mfereji usafishwe kila siku, jani hata moja lisilale humo. Uwazi wote kati ya bati na ukuta uzibwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Tawi la mshelisheli lililoinamia paa likatwe, kuni ziondolewe ukutani, na makuti ya jikoni yashushwe, yawekwe bati. Koultoumi alisikiliza, akaona yote ni kweli tupu. Alibaki na swali moja tu, nani atapanda.

Nyumba ilikuwa yake. Kwao nyumba ni ya mwanamke, na paa la nyumba ya mwanamke ni kazi ya kaka yake. Attoumane, kaka mtu, alianza kuijenga nyumba hiyo Koultoumi akiwa na miaka saba, na kila bati alilipigilia kwa mkono wake, maana alikuwa fundi wa mapaa. Chanfi, mume, aliingia humo siku ya harusi, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kupigilia hata msumari wa kutundikia kofia. Mume akionekana juu ya paa la mkewe, mji mzima unaelewa kwamba shemeji yake amekufa. Basi Chanfi, mpakuzi wa shehena bandarini, mwenye mabega mapana kama mlango, aliketi uani kila alasiri akimtazama mkewe akipanda na ndoo. Alishika ngazi isiteleze, na aibu ilimla.

Attoumane alikuwa hajulikani aliko tangu Februari. Alikwenda Moroni, huko Ngazidja, kuezeka nyumba iliyo karibu na kambi ya mamluki, na kutoka juu ya paa lile uwanja wa kambi ulionekana wote. Siku ya tatu walikuja wakamteremsha. Hakuna aliyewahi kusema alikuwa ameona nini.

Mwezi wa Septemba cheche zikaanza kufika zikiwa kubwa zaidi, na sasa ilionekana wazi kwamba ni karatasi. Ukiinama haraka, kabla ukingo mwekundu haujazimaliza, uliweza kusoma neno moja, mara chache mawili. Mwandiko ulikuwa wa herufi za Kiarabu zenye mikia mirefu, na Koultoumi aliutambua mara moja. Neno la kwanza lilikuwa "misumari". Siku iliyofuata alisoma "bati la tatu, upande wa msikiti". Kisha "kabla ya mvua". Kaka yake alikuwa amefungwa mahali fulani akihofia kwamba mvua za kaskazi zitamkuta dada yake na paa linalovuja. Alimwandikia kila siku namna ya kulitengeneza, na barua hizo ndizo zilizotaka kuichoma nyumba. Koultoumi alilia siku hiyo, na siku hiyo hiyo akafurahi. Mtu aliyekufa hafikirii misumari.

Tangu hapo akawa njia panda. Akizima mapema, nyumba inapona na neno linapotea. Akingoja neno, wavu wenyewe alioufunga ukutani unaanza kuwa mwekundu. Ijumaa moja alingoja kidogo kupita kiasi, na makuti ya jikoni, ambayo alikuwa bado hajayashusha, yakashika. Nusu ya jiko iliteketea kabla majirani hawajafika na ndoo. Neno alilolingojea lilikuwa "mwambie Chanfi".

"Niambiwe nini?" aliuliza Chanfi, akiwa bado na masizi usoni.

Koultoumi alisema hakuwahi. Yaliyofuata yaliliwa na moto.

Siku tatu baadaye alipanda ndege Ouani akaenda Moroni. Sokoni Volo Volo aliwauliza wanawake wa mbogamboga njia ya kwenda kambini, nao walimwonyesha kwa kidevu bila kuacha kupanga mihogo. Langoni alipokewa na sajini mmoja aitwaye Ridjali, mtu mpole, aliyemtolea kiti na kumfungulia daftari la majina. Attoumane hakuwamo. Koultoumi alisema lakini anaandika.

"Anaandika sana, bweni," alisema Ridjali, kwa neno la heshima wanaloitwa wanawake kwao. "Na mwandiko wake ni mzuri."

Akamweleza utaratibu. Mtu ambaye hayumo daftarini hawezi kutoa barua, kwa hiyo kila siku baada ya alasiri barua zinatiwa kwenye pipa, na Mzungu wa zamu anamwaga petroli. Pipa lenyewe lilionekana nyuma yake, limesimama juani. Ridjali aliposikia habari za jiko alisikitika kwa dhati, kwa sababu na yeye ana dada, na paa la dada yake liko juu ya shingo yake. Aliingia ndani kuzungumza na Mzungu, akarudi uso umekunjuka.

"Tumekubaliana. Tutachoma alfajiri. Bati linakuwa na umande, nyumba yako haitaungua."

Koultoumi aliomba apewe hizo barua kabla hazijachomwa. Ridjali alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Barua za nani, bweni? Hayumo."

Alitimiza ahadi. Kuanzia wiki hiyo cheche zilifika kukipambazuka, zikatua juu ya bati lililolowa, zikatoa mlio mdogo, zikawa uji mweusi. Assoumani alikuja kukagua akaandika kwamba nyumba ile ni mfano kwa mtaa. Moinaecha alileta mkate wa kumimina, kumpongeza. Koultoumi aliuokota ule uji kwenye mfereji, akautandaza juu ya kitambaa cheupe, na hakuona herufi hata moja. Kwa siku tisa nyumba ilikuwa salama kuliko wakati wowote, naye aliichukia.

Siku ya kumi, baada ya sala ya alfajiri, Chanfi alichukua leso mbili kuukuu, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda.

"Mume wangu, watu wataelewa vingine," alisema Koultoumi.

"Mimi ndiye niliyetajwa," alijibu Chanfi.

Koultoumi akamfuata. Walianza kupangusa umande, bati kwa bati, yeye upande wa msikiti na mumewe upande wa bandari, hadi paa likakauka vizuri. Moinaecha alitokea dirishani akawakumbusha kwamba paa kavu linashika moto, nao wakamwambia wanajua. Cheche zilipofika Chanfi alikinga kiganja, akaacha kiungue, akasoma: "je, limevuja". Kisha ilikwisha.

Kabla ya adhuhuri wanawake wa mtaa walianza kuingia na mikeka, maana Chanfi alikuwa ameonekana juu. Walivua viatu mlangoni, wakamkumbatia Koultoumi mmoja mmoja, wakampa pole. Aliwapokea, akawakalisha, akawatilia chai. Akawaambia kwamba kaka yake ameuliza asubuhi hii kama bati limevuja. Wakaitikia kwamba Mungu amrehemu, wakafungua misahafu.