Gundi kwa Chembe Nyeusi

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, chembe zilikuwa zimezama. Bridgit aliinua chupa dirishani mwa maabara ya chuo: juu maji maangavu, chini tope jeusi. Kesho yake saa nne, Daktari Mbuthia, msimamizi wake, angekuja kuamua kama utafiti uendelee au ufungwe.

Chembe hizo alizitengeneza kwa chuma, ndogo hata jicho lisingeona moja peke yake. Zilitakiwa kutawanyika majini, zinase uchafu, kisha zivutwe kwa sumaku. Lakini zilivutana zenyewe kwa zenyewe, zikawa mabonge, zikaenda chini. Alijaribu kuzivika wanga wa mahindi, ukachacha. Ilibaki gundi ya mti wa mgunga, na ya maabara ilikuwa imeisha.

Shivachi, fundi viatu jirani yake katika mtaa wa Lindi, alikuwa amemtajia Wakarima, bibi kizee mwenye ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware, aliyeuza gundi ya kutoka Isiolo. Bridgit alitembea hadi huko.

"Shosho, natafuta gundi ya miti."

"Imebaki hii tu, na ni dawa yangu ya tumbo. Unataka kugandisha nini?"

"Sigandishi. Kuna vitu nataka visishikane."

"Gundi ya kuzuia kushikana," Wakarima alisema, akacheka kidogo, akamgawia nusu.

Jioni hiyo Bridgit aliiyeyusha, akaichuja kwa kitambaa, akakoroga chembe humo juu ya moto mdogo mpaka mkono ukafa ganzi.

Asubuhi chupa ilikuwa nyeusi tii, juu hadi chini. Mbuthia alipofika hakutabasamu.

"Haya ni maji ya maabara. Kwani huko kwenu mnakunywa haya?"

Bridgit alikuwa amebeba maji ya kunywa kutoka mfereji wa Lindi, ila hakuthubutu kuyajaribu. Chumvi iliyomo ingeweza kuzishikanisha chembe upya. Aliyamimina ndani ya chupa ya chembe. Wakangoja saa nzima. Bridgit alikazia macho kitako cha chupa hadi yakamuuma.

Hatimaye Mbuthia aliiinua. Chini palikuwa na utando mwembamba. Kwingine kote weusi ulibaki.

"Zingine zimeanguka," Bridgit alisema kabla hajaulizwa.

"Nimeona. Andika hivyo hivyo. Halafu Jumatatu utafute gundi ya kutosha."

Bridgit alivuta kiti akakaa, akaanza kuandika.