Filta Aliyoikaza Kisilu

Subira huvuta heri, walisema wahenga, lakini hawakusema huivuta kutoka umbali gani. Kalunde, mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana karibu na Mutomo, alikuwa akiingoja heri yake tangu Kisilu, mumewe, alipopanda ndege kwenda Qatar kuendesha malori ya kokoto. Siku ya kuondoka, Kisilu alisimama kando ya Probox yake nyeupe, akaipapasa boneti kama mtu anayemuaga ng'ombe, akasema, "Oili yake imefika wakati. Usiipeleke kwa fundi. Nikija Krismasi nitabadilisha mwenyewe."

Krismasi ilikuja bila yeye. Ikaja nyingine, na nyingine tena.

Gari likabaki uani kwa wazazi wa Kisilu. Kila Jumamosi Kalunde aliliwasha, akaliacha lingurume kidogo betri isife, kisha akalizima, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakitazama, akakirudisha. Kama angemwona mwanafunzi wake akipima kitu kimoja wiki baada ya wiki bila kufanya lolote kuhusu jibu, angemwuliza anatafuta nini. Mwenyewe hakujiuliza, kwa sababu alijua. Maadamu oili ile ilimngoja Kisilu, Kisilu alikuwa na kazi ya kumaliza nyumbani, na mtu mwenye kazi ya kumaliza nyumbani hurudi.

Sasa alikuwa amehamishwa. Shule moja ya Makindu, upande wa Makueni, ilikuwa na nyumba ya mwalimu lakini haikuwa na mwalimu wa kemia, na muhula ulifunguliwa Jumatatu. Angeweza kuomba aachwe Mutomo. Aliwahi kuomba hivyo zamani kidogo, akakubaliwa, na kukubaliwa huko hakukumleta mtu yeyote. Safari hii hakuomba. Godoro, jiko la gesi na maboksi ya vitabu vingeingia nyuma ya Probox, naye angeshuka na lami ya Ikutha hadi Kibwezi, kisha ashike barabara kuu. Lakini gari halingefika mbali na oili iliyozeeka, na oili haingebadilishwa bila kuwaonyesha wazazi wa Kisilu, mchana peupe, kwamba haimngoji tena.

Kisilu hakuamini jeki. Alifanya wanavyofanya wengi huko. Shamba lilikuwa tayari limejaa mitaro ya kuzuia maji ya mvua, naye akachimba mmoja zaidi, mwembamba, karibu na nyumba, gari lisimame na magurudumu kila upande na mtu alale chali ndani bila kuhofia kupondwa. Jumamosi hiyo Kalunde aliliwasha gari, akaliacha lipate joto oili ilainike, kisha akaliendesha polepole hadi juu ya mtaro.

Munyao, baba mkwe wake, dereva mstaafu wa malori, alitoka nyumbani na kigoda mkononi.

"Mwalimu! Hiyo gari inaenda wapi?"

"Imefika, baba. Nabadilisha oili."

"Kwani Kisilu amekuja?"

Alijua vizuri sana kwamba hakuja.

"Hajakuja."

"Basi hiyo oili ni ya nani kubadilisha? Gari haijatembea. Oili inachoka ikitembea. Mimi nilikuwa naenda na lori mpaka Lodwar, narudi, ndio naanza kufikiria oili."

"Inazeeka hata ikikaa, baba. Ukiwasha kidogo kidogo bila kuendesha, injini haipati moto wa kutosha. Maji yanabaki ndani, asidi inaongezeka, inakula chuma."

"Asidi," Munyao alisema, kama mtu aliyetajiwa jina la jamaa asiyempenda.

"Kama kukaa kunazeesha," Ndunge, mkewe, alidakia kutoka mlangoni pa jikoni, "basi nyinyi wawili mko na hali mbaya kuliko hiyo gari."

Munyao hakucheka. Aliweka kigoda hatua chache kutoka kwenye gari, akaketi, akakunja mikono. "Na Kisilu akija," aliuliza, "atakuta nini cha kufanya?"

Ndilo swali ambalo Kalunde alikuwa amelikwepa tangu Krismasi ya kwanza, na kulisikia likisemwa kwa sauti kulimfanya aione kasoro yake. Mwanamume harudishwi na kazi aliyowekewa kando. Ingekuwa hivyo, nchi nzima ingekuwa imejaa malango yasiyotengenezwa kwa makusudi.

Aliingia nyumbani, akavaa ovaroli ya Kisilu, akakunja miguu ya suruali, akashuka mtaroni na karai.

Hapo ndipo Munyao aliponaswa. Alikuwa amekuja kuzuia, na kuzuia kunataka macho. Lakini mke wa mwanawe alikuwa sasa amelala chali, miguu imenyooka, na baina ya baba mkwe na mke wa mwana Wakamba wana nthoni, haya ile ya kuheshimiana kwa umbali, ambayo haivunjwi kwa ajili ya Probox. Kuondoka hakutaka. Kutazama hakuweza. Alisimama, akageuza kigoda, akaupa mtaro mgongo, akaendelea kubishana na ua wa mikonge.

"Atapasua sampu," aliuambia ua, akimaanisha bakuli la oili chini ya injini.

"Hatapasua," alisema Ndunge, akaja kuchutama ukingoni mwa mtaro kuwa mjumbe. "Mwanangu, anasema utapasua sampu."

"Mwambie, mwaitu," alisema Kalunde, akimwita mama kwa Kikamba, "nafungua bolti kwa spana namba kumi na nne, si kwa nyundo."

"Anasema si nyundo."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, nina adabu tu."

Bolti ililegea. Kalunde aliimalizia kwa vidole, akaivuta kando haraka, na oili ikaanguka karaini kwa mkondo mmoja mweusi, mwepesi kuliko unavyopaswa, wenye harufu ya kuungua. Akaitazama ikishuka. Mara ya mwisho oili ilipobadilishwa hapa, yeye alikuwa juu, ukingoni, alipochutama Ndunge sasa. Kazi yake ilikuwa kupokeza spana. Kisilu alikuwa akiimba huko chini. Kanisani aliimba sauti ya tatu, na sauti ya tatu bila zile nyingine husikika kama mtu anayelalamikia jirani. Kisha mkono ulitokea chini ya bampa, si kwa ajili ya spana, ukamshika kifundo cha mguu, ukaacha alama nyeusi za vidole vinne. Naye akapiga kelele kwamba ana jozi moja tu ya soksi nyeupe. Alama hizo zilitoka kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na sukari. Alijuta sasa kwamba aliijua njia ya kuzitoa.

Mkondo ukawa matone. Aliweka washa mpya, ile pete ndogo ya kuzuia kuvuja, akarudisha bolti, akaikaza kiasi. Ikabaki filta.

Filta haikusogea. Aliipangusa mafuta, akaishika kwa kitambaa kikavu, kisha kwa karatasi ya msasa, akazungusha mpaka mabega yakatetemeka. Filta ya oili hukazwa kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa. Kila kitabu kinasema hivyo. Hii ilikuwa kama imechomelewa.

"Imekataa," Munyao aliuambia ua, na katika sauti yake mlikuwa na furaha ambayo hakuificha. "Inamjua mwenyewe."

Kalunde alijiinua na kuketi mtaroni, kichwa nje. Alifikiri kidogo. Kisha akamwambia Ndunge ampigie Kisilu simu ya video. Saa za Doha na za Mutomo ni zile zile, na kwa hilo hawakuwahi kuwa na kisingizio.

Kisilu alipokea akiwa kwenye kibanda cha lori, kofia ya kazi kichwani, akingoja zamu ya kupakia. Amenenepa mashavu, Kalunde aliwaza. Au kamera ndiyo inayonenepesha. Ndunge alielekeza simu mtaroni.

"Mwalimu! Hiyo si ovaroli yangu?"

"Ni yako. Kisilu, hii filta uliifunga na nini?"

Alicheka kicheko chake cha kifuani, kile kile. "Spana ya mnyororo. Nilikaza mpaka mwisho. Nilisema hakuna fundi wa Mutomo ataifungua. Atakayeshindwa, atanipigia simu."

"Nimeshindwa. Nimekupigia." Alijipangusa paji la uso kwa mkono wa ovaroli. "Unakuja lini?"

Nyuma ya Kisilu, kipoza hewa kilivuma. Alitazama kando, dirishani, penye jua jeupe kuliko la kwao Kitui.

"Nipe mwezi," alisema Kalunde. "Sitaki siku. Ukinipa mwezi, nairudisha ile oili ndani na ninaenda Makindu kwa basi."

Huo ulikuwa upuuzi. Oili iliyomwagwa karaini hairudishwi. Alijua, na hakuufuta.

"Kalu," Kisilu alisema, "nimeshasaini tena. Wiki jana. Nilikuwa nataka kukuambia vizuri, si hivi."

Ndunge aliishusha simu kidogo, ikawa inaonyesha udongo. Kuku alipita. Mgongo wa Munyao, uliokuwa umenyooka tangu asubuhi, haukugeuka, lakini kitu ndani yake kililegea, kama turubai kamba yake moja ikikatika.

Kalunde hakulia. Aliangalia filta.

Kisha Munyao akasimama, bado anautazama ua, akafungua mshipi wa suruali yake, mshipi mpana wa ngozi wa enzi za malori, akauchomoa pete kwa pete. Akaunyoosha nyuma ya bega lake bila kugeuza shingo. Mkono wa pili uliishika suruali kiunoni.

"Ndunge. Mpe huyo. Mwambie auzungushe kwa filta mara mbili, upande wa kufungulia, apitishe chuma kwenye kitanzi, akaze. Mshipi ukiuma, avute pole pole. Asivute kwa hasira."

"Wewe utabaki na nini?" Ndunge alimwuliza.

"Nitabaki na mkono. Mpelekee."

"Mzee," ilisema simu kutoka chini, "ule mshipi utaharibika na oili."

"Kisilu," Munyao alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtaja mwanawe bila kumtetea, "wewe pakia kokoto."

Kalunde alilala tena chali. Ngozi ilishika bati. Alivuta pole pole, kama alivyoambiwa, akahisi upinzani, kisha mlio mkavu, kisha filta ikazunguka. Akaimalizia kwa mkono, oili ya moto kiasi ikimtiririka hadi kiwikoni. Mpira wa filta ulikuwa umebanwa sana hata ukabaki umeganda kwenye injini. Aliuona kwa sababu aliutafuta, akaubandua kwa kucha, akasafisha mahali pake. Mpira mpya juu ya mpira wa zamani ungevujisha kila kitu kabla ya Ikutha. Akaupaka mpira wa filta mpya oili safi kwa kidole, akaifunga, robo tatu ya mzunguko, akaiacha. Yeyote atakayetaka kuifungua siku nyingine ataweza.

Alipanda juu, akamimina oili mpya, rangi ya asali, kwa faneli ya chupa iliyokatwa, akafunika, akaliwasha gari. Taa nyekundu ya oili ilidumu kidogo, ikazimika.

"Weka simu kwa injini," alisema Kisilu. "Niisikie kidogo tu."

Kalunde aliichukua simu kwa Ndunge, akaishikilia juu ya boneti iliyo wazi. Kisilu alifumba macho. Akasikiliza kama mtu kanisani, na wote wakamwacha asikilize. Kalunde aliutazama uso ule mdogo, ulio wazi kwake kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu, akangoja aseme neno, lolote, lisilohusu gari.

"Inatembea vizuri," alisema Kisilu.

Kalunde akazima injini.

"Mbona umezima?"

"Nataka kupima. Oili haipimwi injini ikinguruma."

"Ungengoja kidogo."

"Nimengoja, Kisilu."

Aliiacha oili itulie kwanza. Alichomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Kiwango kilikuwa mahali pake, chini tu ya alama ya juu.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Inayofuata nitafanya mimi."

"Inayofuata itafanywa wakati wake ukifika," alisema, na kwa kuwa hakutaka maneno hayo yawe makali, aliongeza, "Ukiwa hapa, nitakupa spana."

Munyao aliagiza oili chafu isimwagwe. Ilitakiwa kwa nguzo za boma, mchwa wameanza. Alilibeba karai kwa mkono mmoja hadi uani, suruali akiishika kwa wa pili, na Ndunge akamfuata akimwambia ampishe abebe yeye kabla hawajaaibika wote. Vitu vilipakiwa. Kalunde alinawa, akabadili nguo, akawaaga kwa kuinama kidogo kwa mzee na kumkumbatia mama.

Kisilu alikuwa bado kwenye simu. Alisema anataka kuliona gari likitoka. Ndunge akainua mkono juu kadiri alivyoweza, simu ikitazama njia.

Kalunde aliendesha hadi langoni, akasimama. Alishuka, akapiga magoti, akatazama chini ya injini. Bolti ilikuwa kavu. Filta ilikuwa kavu. Alirudi nyuma kidogo akaitazama ardhi pale gari liliposimama, na ardhi pia ilikuwa kavu. Kule nyuma mkono wa Ndunge ulikuwa bado umeinuliwa, ukitetemeka sasa kwa kuchoka, na uso uliokuwa ndani ya simu haukuweza kuonekana kutoka hapo.

Alitazama chini ya gari mara nyingine. Hapakuwa na sababu ya pili ya kusimama. Akajipangusa magoti, akaingia, akashika njia ya Ikutha.