Vidonge vya Mke wa Mzee Dakika

Mtaani walimwita Mzee Dakika kwa sababu alikuwa fundi saa na hakuwahi kuchelewa popote. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alimtania: "Wewe hata kufa utakufa kwa miadi."

Mama huyo alianza na vidonge vya presha. Miguu ikavimba, zahanati wakampa vya kupunguza maji mwilini. Kikaja kizunguzungu, na daktari mwingine akampa vya kizunguzungu. Baadaye mikono ikaanza kutetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na hospitali kubwa wakaongeza vya kutuliza mikono. Kila mahali walimsikiliza vizuri, wakatibu lile jipya. Vya zamani hakuna aliyeviuliza. Nyumbani mzee ndiye aliyempa dawa, kwa mkono wake, bila kupitisha wakati.

Kisha mama akaanza kuona watu ukutani. Akamwita mumewe "wewe kinyozi" na kumfukuza chumbani.

"Ni uzee tu, baba," binti yao alisema. "Tumzoee hivyo hivyo."

Asubuhi moja mama alianguka jikoni, akavunjika nyonga.

Wodini, daktari aliagiza dawa zote za nyumbani ziletwe. Alizipanga mezani, akasoma lebo moja moja.

"Nani humpa hizi?"

"Mimi. Sijakosa hata mara moja."

"Najua, mzee wangu. Hii ya kupunguza maji ndiyo iliyomletea kizunguzungu. Hii ya kizunguzungu ndiyo iliyomtetemesha. Na hii ya kutuliza mikono ndiyo iliyomvuruga akili."

"Kwa hiyo hakuwa mgonjwa?"

"Presha anayo. Hii ndiyo iliyomvimbisha miguu, kwa hiyo tutambadilishia nyingine ya presha, na hiyo asiiache. Hizi nyingine tutazipunguza taratibu."

Mikono ilitulia. Watu wa ukutani wakaondoka. Siku mama alipomwita mumewe vizuri, mzee alitoka nje ya wodi akalia. Lakini kutembea hakutembea tena, na akili iliporudi, mama aliulizia yote yaliyompata, akaelezwa.

Waliporudi nyumbani, mzee alimletea kidonge na maji. Mama akafumba mdomo.

"Hiki ni cha presha tu, mama watoto."

"Na vile ulisema ni vya nini?"

Mzee alimkabidhi binti kidonge na glasi. Binti alijaribu, akabembeleza, akagomba. Mama alikitia mdomoni, kisha akakitema kwenye shuka. Chakula alikubali kwa binti. Kwa mumewe hakupokea hata maji.

Baada ya wiki chache bila kidonge, kiharusi kilimpata akiwa ameegemea mto, na hakuzungumza tena mpaka alipokata roho.

Baada ya mazishi, jirani alimshika mzee mkono. "Ulimtunza, ndugu yangu. Sote tuliona."

Mzee Dakika aliuchomoa mkono wake polepole, akaingia chumbani, akafunga mlango. Binti aligonga, akaita. Alimsikia baba yake akipumua upande wa pili, lakini mzee hakufungua.