Mwenzake wa Tuta la Kulia

Nyumba za mwisho za Bariadi zilikuwa zimeshabaki nyuma, na Machibya alikuwa bado anasukuma baiskeli. Kuipanda hakuweza tena. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Lakini gurudumu la mbele lilimsaidia kuliko fimbo. Likigusa majani, anajua ametoka barabarani. Likiruka, anajua ni kokoto. Binti yake Kabula alikuwa amemfuata mpaka darajani.

"Baba, kwa miguu Zagayu utafika lini?"

"Usangu nilifika kwa miguu, tena na ng'ombe. Zagayu hainikimbii."

"Wakati huo ulikuwa unaona."

"Ndiyo maana naenda."

Kabula akachoka kubishana. Akamfungia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa vikakaushwa, akarudi mjini akijifuta uso kwa kanga.

Shida ya Machibya alijitafutia mwenyewe. Miaka ya tisini kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilikuwa kinachukua vijana tu. Yeye alikuwa ameshavuka arobaini, ila uso ulikuwa haujamsaliti. Akasema amezaliwa 1966. Akapata kazi, na ile 1966 akaizoea kama jina lake. Hata walipokuja kuandikisha vitambulisho vya taifa, akaulizwa mwaka, mdomo ukajisemea wenyewe. Sasa madaktari wa macho walikuwa wanakuja mkoani mwezi wa saba, na wazee wenye kadi ya matibabu bure ndio wangetangulia. Kadi ni ya kuanzia miaka sitini. Kwa karatasi, Machibya alikuwa na hamsini na saba.

"Basi ungoje miaka mitatu, mzee wangu," Bi Ernestina, afisa ustawi wa jamii, alimwambia pale ofisini. Alikuwa mtu wa Bukoba, hana mwaka tangu ahamishiwe Bariadi. Kisha akaziangalia zile mvi, akaangalia namna mzee alivyoipapasa meza kutafuta karatasi yake, akaona aibu. "Au nitafutie mtu wa rika lako, mwenye kitambulisho chake, aseme mbele ya kikao cha kijiji ulichozaliwa. Nikipata muhtasari wenye muhuri wa mtendaji, huku kwingine niachie mimi."

Mtu wa rika lake. Jilala alikuwa kaburini. Masalu, yule aliyekuja kumuoa Nyamizi, kaburini. Mhoja alihamia Rukwa na hakuna aliyejua upande upi. Alibaki Nyamizi mwenyewe, ambaye bado alikuwa Zagayu, kijijini walikozaliwa. Na Machibya, ambaye miguu yake ilikuwa imetembea nusu ya nchi hii, kwa karibu miaka hamsini alikuwa akizunguka njia ndefu ili asipite karibu na mji wa mwanamke huyo.

Alifika siku ya pili, jua likiwa limegeuka. Aliujua mji wa Nyamizi kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kwa mlio wa ungo unaopepeta.

"Mwadila, ng'wana Mayunga," akasalimu kwa Kisukuma, akimwita mwenye mji kwa jina la baba yake, kama zamani.

Ungo ukanyamaza.

"Mwadila," sauti ikajibu. "Hiyo baiskeli ni ya nani?"

"Yangu."

"Ungekuwa nayo mwaka ule, labda ungewahi."

Akamvutia kigoda. Machibya akamweleza yote, kadi na kiwanda na 1966. Nyamizi akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe ulijipunguzia miaka kumi na mitano. Mimi nimeikaa yote."

"Umebadilika?"

"Huoni?"

"Nakuona kama nguo iliyoanikwa mbali."

"Macho yangu mimi ni mekundu, ya moshi huu. Majirani hawapendi niyatoe nje, wanaanza minong'ono ya uchawi. Wewe meupe, mimi mekundu. Tumegawana." Akaushika tena ungo, hakupepeta. "Nikisimama kikaoni nitaulizwa nimekujuaje. Wajukuu wa Masalu watakuwepo. Hawajui kama bibi yao aliwahi kumngoja mtu."

Machibya alitaka kumwambia kwamba hayo macho hayatafuti kwa ajili ya barabara, barabara anazijua zote. Badala yake akala ugali. Alilala kwa mjukuu mmoja, na asubuhi akasikia Nyamizi akiulizia kitambulisho chake kiliko.

Mtendaji wa kijiji, Gabriel, mtu wa Kigoma, alifungua kikao akiwa na kalamu mkononi.

"Bibi, huyu unamfahamu?"

"Namfahamu. Umri wake ni wangu. Kadi yangu hiyo, 1951."

"Umejuaje ni mmoja?"

Mabati ya ofisi yalikuwa yanalia kwa jua. Machibya alishika magoti ainuke, aseme basi, yaishe. Nyamizi akamtangulia.

"Tulikuwa tunalima kwa ngoma, kundi la rika moja. Mkubwa haingii, mdogo haingii. Wa tuta la pembeni yako ni yule mliyeota naye meno pamoja, ili majembe yasipishane nguvu. Tuta langu la kulia lilikuwa la huyu. Misimu minne. Mkono wake wa kushoto una kovu, ni jembe langu, nilikuwa namwangalia yeye badala ya magugu."

Gabriel akauomba mkono. Kovu lilikuwepo.

"Na aliacha lini kulima nanyi?"

"Mwaka wa kuhamishiwa vijijini. Alipeleka ng'ombe Usangu. Akaniambia atarudi karanga zikichimbwa."

Mzee mmoja wa baraza akashindwa kujizuia. "Karanga za mwaka gani, mayu?"

"Hakutaja mwaka."

Watu wakacheka, na wajukuu nao wakacheka. Machibya alitega sikio atafute kicheko cha Nyamizi katikati ya vile vya wenzake, hakukipata. Gabriel aliandika yote, hata karanga, akagonga muhuri.

Wakati wa kuondoka Nyamizi alimsindikiza mpaka mwisho wa uzio wa minyaa.

"Nikiona, nitakuja," Machibya akasema.

"Sawa. Ila usitaje lini."

Kadi ilitoka mwezi wa sita. Mwezi wa saba Machibya alifanyiwa upasuaji jicho la kulia, akaona. La kushoto daktari alisema limechelewa. Mwaka uliofuata, karanga zikichimbwa, alikwenda Zagayu akiwa juu ya baiskeli. Alikaa siku mbili, wakabangua karanga, akarudi. Nyamizi alifariki miezi mitano baadaye huko Lalago, alikokuwa amechukuliwa na binti yake Sayi, akazikwa huko huko. Habari zilimfikia Machibya baada ya wiki tatu. Bi Ernestina alihamishiwa Busega. Gabriel bado ni mtendaji. Kabula anauza dagaa sokoni Bariadi, na baiskeli iko nyuma ya nyumba yake, haina matairi. Kitambulisho cha taifa cha Machibya bado kinasema 1966.